Kile kiti kimoja: Mbulu ya 1960 na mgombea aliyekatwa akashinda

Shuleni tulikaririshwa sentensi moja kuhusu uchaguzi wa 1960, kwamba TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, halafu mwalimu anaruka moja kwa moja mpaka Desemba 9, 1961, bendera inapanda na kipindi kimeisha. Kwenye mtihani ukiandika 70 kati ya 71 unapata maksi yako. Sikumbuki hata siku moja mtu akinyoosha mkono kuuliza hicho kiti cha 71 kilienda wapi, kwa nani, na watu wa huko waliona nini ambacho nchi nzima haikukiona.

Kilienda Mbulu. Aliyekichukua anaitwa Herman Elias Sarwatt, mgombea binafsi, na alimshinda mgombea rasmi wa TANU, Chifu Amri Dodo. Sarwatt hakuwa mpinzani wa TANU hata kidogo, alikuwa mwana-TANU, na wanachama wa kule kwao ndo walikuwa wanamtaka asimame. Makao makuu wakaleta jina lingine. Kwa lugha ya leo tungesema alikatwa. Akasimama mwenyewe, watu wakampa.

Mimi naona hii stori ndo kitu muhimu kuliko vyote kwenye historia ya bunge letu la mwanzo, na inaniuma jinsi ilivyobaki kuwa ka-namba kadogo tu ka kujibia mtihani. Naomba nieleze kwanini, na nitaanzia mbali kidogo maana bila kujua Mbulu ilikuwa inawakilishwa vipi kabla ya hapo huwezi kuelewa uzito wake.

Mbulu ya wakati ule sio Mbulu ya leo. Ilikuwa wilaya moja kubwa sana ndani ya Jimbo la Kaskazini (siku hizo jimbo lilikuwa kama mkoa wa sasa, msichanganye na jimbo la uchaguzi), na ndani yake mlikuwemo sehemu ambazo leo ni Mbulu yenyewe, Babati, Hanang na Karatu. Kule juu kwenye milima wako Wairaqw, ambao watu wa nje walizoea kuwaita Wambulu, Babati wako Wagorowa, kuzunguka Mlima Hanang wako Wabarbaig na ng'ombe wao, chini kuelekea Ziwa Manyara wako Wambugwe, na upande wa Yaeda na Eyasi wako Wahadzabe. Ukienda kwa watu wa lugha watakwambia hilo eneo ni la pekee Afrika kwasababu lugha za Kikushi, Kiniloti, Kibantu na Kihadza chenye zile sauti za kugonga ulimi, vyote vinakutana sehemu moja. Ni watu wa kulima na kufuga, mbali na reli, mbali na Dar. Ukitaka mfano wa wilaya ya shamba ambayo mtu wa mjini anaisikia tu kwenye redio, ndo hiyo.

Sasa, nani alikuwa anawasemea hawa watu? Baraza la Kutunga Sheria, lile tunaloliita LEGCO, lilianza 1926 na halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Miaka karibu ishirini ikapita hivyo hivyo. Mwaka 1945 ndo wakaingia Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga, na hawa hawakuchaguliwa na mtu, waliteuliwa na gavana. Kwahiyo mkulima wa Mbulu akiuliza mwakilishi wangu ni nani, jibu la karibu kabisa ni chifu wa Machame aliyeteuliwa na Mwingereza. Simsemi vibaya Shangali hapa, naelezea umbali uliokuwepo.

Halafu ikaja ile ya 1958 na 1959, kura tatu. Hii wengi mnaijua kwasababu ya mkutano wa TANU Tabora Januari 1958, pale Mwalimu Nyerere alipowashawishi wajumbe washiriki uchaguzi japokuwa masharti yake yalikuwa ya kuudhi, na Zuberi Mtemvu akakataa akaenda kuanzisha chama chake cha ANC. Masharti yalikuwa kwamba kila mpiga kura lazima apige kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu, moja kwa Muasia, na ili uandikishwe uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au umefika darasa la nane, au una cheo fulani kinachotambulika. Fikiria hayo masharti Mbulu. Nani kule milimani alikuwa na pauni 150 kwa mwaka mwaka 1958? Nchi nzima walioandikishwa walikuwa kama 60,000 tu, kwenye nchi yenye watu karibu milioni tisa.

Jimbo la Kaskazini zima, kuanzia Kilimanjaro, Arusha mpaka Mbulu, likatoa watu watatu: Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Sophia Mustafa. Wote watatu waliungwa mkono na TANU, na Bryceson na Bi Sophia walisimama na Waafrika wakati wenzao wengi walikuwa wanaogopa, heshima yao ipo. Lakini angalia ramani. Mchagga, mkulima wa Kizungu, na mama wa Kiasia wa Arusha. Mtu wa Mbulu hayumo. Wilaya inayolisha soko la Arusha kwa ng'ombe na mahindi haina mtu wake pale Karimjee, ukumbi wa Dar ambamo baraza lilikuwa linakaa.

Kwahiyo 1960 ndo mara ya kwanza. Masharti yalilegezwa, kura tatu ikafutwa, sasa ukijua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza unaandikishwa, au ukiwa na kipato cha pauni 75, au cheo. Walioandikishwa wakafika 885,000 hivi. Viti 71, kati yake 50 vya wazi, 11 vimetengwa kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. Na kwa mara ya kwanza Mbulu inapata kiti kinachoitwa Mbulu. Mtu yeyote akisimama pale barazani akasema mimi ni mbunge wa Mbulu, hicho kilikuwa kitu kipya kabisa duniani.

Sasa hapa ndo kuna jambo ambalo nataka tulikalie kidogo, maana wengi wanalipita.

Ule ushindi wa 70 kati ya 71 unasikika kama nchi nzima ilijipanga foleni ikapiga kura ya TANU. Haikuwa hivyo. Viti 58 vilipita bila kupingwa. Hamsini na nane! Kura zilipigwa kwenye viti 13 tu, basi. Ndo maana ukitafuta jumla ya kura unakuta 121,445, wakati walioandikishwa ni mara saba ya hapo. Kati ya hizo kura TANU ilipata 100,581, wagombea binafsi wote kwa pamoja 20,527, na ANC ya Mtemvu ikapata 337, yaani watu wanaoweza kukaa kwenye kanisa moja la kijijini. Hakuna ubishi kwamba TANU ilikuwa inapendwa, hata hao 58 wangepingwa nina hakika wangeshinda karibu wote. Ila ukweli unabaki kwamba Agosti 30, 1960, sehemu kubwa ya Watanganyika waliamka na hawakuwa na kitu cha kupigia kura, mbunge wao alishapatikana kabla, na aliyempata ni kikao.

Mbulu ilikuwa moja ya zile sehemu chache ambazo mtu alitoka kwake, akatembea, akapewa karatasi, akachagua kati ya mtu na mtu. Na katika hizo sehemu chache, ndo peke yake ambapo chaguo la watu na chaguo la kikao havikufanana.

Wapo watakaosema hiyo ilikuwa ukabila tu, watu walitaka mtu wao, na kwamba makao makuu walikuwa sahihi kuwa na wasiwasi. Hii hoja siidharau. Mwaka 1960 TANU ilikuwa imetoka kwenye vita vya kisiasa na UTP, chama kilichokuwa kinabebwa na serikali ya kikoloni, chama kingine cha AMNUT kilikuwa kimeanzishwa 1959 kwa misingi ya dini, kulikuwa na machifu wenye nguvu zao ambao wangeweza kuvuta kila mmoja upande wake, na jirani zetu Congo wamepata uhuru Juni 30 na ndani ya wiki chache nchi imewaka moto na Katanga imejitenga. Kiongozi anayesoma habari za Congo mwezi Julai halafu Agosti ana uchaguzi, lazima atake listi yake iende kama ilivyo. Ningekuwa kwenye kikao kile huenda na mimi ningeogopa.

Lakini angalia kilichotokea baada ya hapo Mbulu. Hakikutokea kitu kibaya. Sarwatt hakuanzisha chama, hakudai Mbulu ijitenge, benchi la upinzani halikuwepo kwenye lile bunge. Nyerere akawa Waziri Kiongozi Septemba, uhuru ukaja kwa tarehe yake. Na tena jiulizeni, chaguo la makao makuu lilikuwa nani? Chifu. Chama ambacho kingefuta uchifu kisheria mwaka 1963, kwenye ile wilaya kilisimama na chifu dhidi ya mtu aliyependekezwa na wanachama wake wa kawaida. Kwahiyo ukisema kikao kiliona mbali kuliko wananchi, hapo Mbulu mfano wenyewe unakukatalia.

Na naamini TANU yenyewe iliona kuna kitu hapa. Sisemi kwamba Mbulu peke yake ndo ilisababisha, hapana, ila tatizo ambalo Mbulu ililionyesha mwaka 1960 ndo lile lile ambalo Tume ya Chama Kimoja ya 1964, chini ya Rashidi Kawawa, ilikaa kulitafutia dawa. Tatizo ni kwamba chama kikiwa na nguvu kiasi kwamba anayeteuliwa ndo ameshashinda, basi mwananchi hana uchaguzi, uchaguzi wote umeisha kwenye kikao. Dawa yao ikaja kwenye Katiba ya Muda ya 1965. Chama kimoja, lakini kila jimbo wagombea wawili wote wa TANU, mkutano mkuu wa wilaya unawapigia kura walioomba, majina yanapelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, yanarudi mawili, mmoja anapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Wazee wetu mpaka leo ukiwauliza wanakumbuka, ulipiga jembe au ulipiga nyumba.

Na ilifanya kazi kwa namna yake, tusiikatae. Uchaguzi wa 1965 uliangusha vigogo, akiwemo Paul Bomani ambaye alikuwa Waziri wa Fedha, mtu mkubwa wa ushirika wa pamba kule Kanda ya Ziwa, akaangushwa na wananchi wake. Serikali ngapi Afrika miaka ile zilikubali waziri wa fedha aangushwe kwa kura? Kwa mtu wa shamba ile ilikuwa nafuu kubwa kuliko 1960, alikuwa anachagua kweli, mtu na mtu.

Ila angalia walichokifungua na walichokifunga kwa wakati mmoja. Walifungua uchaguzi kati ya wawili, wakafunga mlango aliopitia Sarwatt. Sasa Halmashauri Kuu ikikukata umekatika, huna pa kwenda, maana sheria inasema lazima uwe mwana-TANU na lazima upitishwe. Na hata ukishaingia bungeni bado kamba iko shingoni: Oktoba 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa uanachama wa TANU na ubunge ukaondoka nao siku hiyo hiyo, wananchi waliowachagua hawakuulizwa. Yaani ndani ya miaka nane tulitoka kwenye nchi ambayo Mbulu inaweza kukataa chaguo la makao makuu na mbunge wao akakaa kwenye kiti, tukaingia kwenye nchi ambayo kiti ni cha chama na mbunge amekopeshwa.

Hapo ndo nilikuwa nadhani stori ya Mbulu imeishia, mpaka nilipokaa nikaangalia ramani tena.

Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mabadiliko ya 1992. Karatu. Kumbuka Karatu ilikuwa ndani ya Mbulu ile ya zamani, ni Wairaqw wale wale walioshuka kutoka milimani kutafuta ardhi. Padri wa zamani, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, mzaliwa wa Mbulu, anaingia kura za maoni za CCM Karatu na anashinda. Jina linaenda juu, linakatwa, analetwa mwingine. Huyo ni Wilbrod Slaa. Miaka 35 imepita, nchi imebadilika jina, chama kimebadilika jina, na kitu kile kile kinatokea kwa watu wale wale kwenye ardhi ile ile. Na watu wakajibu vile vile! Slaa akaenda CHADEMA, chama ambacho wakati huo kilikuwa hakijulikani sana vijijini, Karatu wakamfuata, akawa mbunge wao mpaka 2010, na mwaka huo akagombea urais akapata zaidi ya robo ya kura zote.

Cha kushangaza zaidi ni kwamba mwaka huo huo wa 1995 Hanang, ambayo nayo ilikuwa ndani ya wilaya ile ile ya zamani, ilimtoa Frederick Sumaye akawa Waziri Mkuu kwa miaka kumi. Kwahiyo sio kweli kwamba hawa ni watu wa kupinga tu. Wilaya ile ile inakupa waziri mkuu wa chama tawala na inakupa mbunge wa upinzani ndani ya uchaguzi mmoja. Wanachokitaka ni kuulizwa. Ukiwauliza wanakupa, ukiwaamulia wanakwambia hapana. Mimi huko nawaheshimu sana.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya Sarwatt na Slaa, na kwangu hiyo tofauti ndo kila kitu. Sarwatt alibaki vile alivyo. Hakuhitaji kubadilisha imani yake ya siasa, alikuwa mwana-TANU asubuhi na mwana-TANU jioni, alichokataa ni uamuzi mmoja wa kikao. Slaa ilibidi abebwe na chama kingine, kwasababu 1995 hakuna njia nyingine. Vyama vingi vilipoletwa mlango wa Sarwatt haukufunguliwa. Katiba inasema ili ugombee ubunge lazima uwe mwanachama wa chama na upendekezwe na chama. Tumetoka kwenye lazima TANU tukaenda kwenye lazima chama chochote, lakini bila kikao fulani mahali fulani kukupitisha huwezi kuwaomba majirani zako kura.

Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hili karibu maisha yake yote ya siasa. Alishinda Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1994 mbele ya Jaji Lugakingira, serikali ikakimbilia bungeni kurekebisha Katiba ili ule ushindi usiwe na maana. Akarudi, akashinda tena Mahakama Kuu 2006. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema hilo ni suala la kisiasa waachiwe wabunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo iko hapo hapo Arusha, na Juni 14, 2013 majaji wakasema Tanzania inavunja haki ya wananchi wake kwa kukataa mgombea binafsi. Rasimu ya Katiba ya Jaji Warioba nayo ikamruhusu mgombea huru, ila ile safari ya katiba mpya sote tunajua ilipokwama. Mtikila akafariki Oktoba 2015 bila kuiona. Na Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi kwenda mwenyewe moja kwa moja kwenye ile mahakama.

Kwenye mjadala wote huo kulikuwa na hoja ambayo serikali iliirudia mara nyingi, kwamba mgombea binafsi ataleta vurugu, umoja utavunjika, nchi haijawa tayari. Haijawa tayari! Tulikuwa tayari Agosti 1960, chini ya gavana Mwingereza, kwenye wilaya ya wakulima na wafugaji yenye makabila matano na lugha zisizosikilizana, barabara za vumbi, bila simu, na walifanya hilo jambo kwa amani na likaisha. Mbulu ilishafanya majaribio tayari, majibu yapo, yamekaa kwenye vitabu tangu kabla ya uhuru. Kwenye mijadala yetu ya mgombea binafsi tunataja Marekani na Uganda, wakati mfano wetu wenyewe uko njia ya Karatu kwenda Dongobesh.

Mtu anayeishi Mbulu leo, kijana au mama mwenye heshima kijijini kwake, amesaidia kujenga zahanati na watu wanamtaka, akaingia kura za maoni akashinda, jina likaenda juu likakatwa. Akiamua kufanya alichofanya Sarwatt, anakwenda kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo kuchukua fomu. Kwenye fomu kuna sehemu ya chama kilichokudhamini, na pale pale mezani safari yake inaishia.